Msalaba wa Shaba na Msalaba wa Kristu

Katika nchi ya Katanga umbo la msalaba lilijulikana kabla Injili haijafika. Wazee wetu walichimba mawe ya shaba, wakayayeyusha katika tanuru za udongo wakati wa kiangazi, wakamimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba. Msalaba huo haukuwa na sala wala mafundisho, ulikuwa mali. Ulibebwa mbali na wasafiri, ukanunua chumvi, nguo na vyombo, ukatolewa katika mahari. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu walipochimba makaburi ya kale mwaka 1957 na miaka iliyofuata, walikuta misalaba ya namna hiyo pamoja na mifupa ya marehemu: mingine mikubwa kifuani, mingine midogo mikononi au kiunoni. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa miaka mia sita na zaidi.

Mabenediktini waliotoka Ubelgiji walifika Katanga mwaka 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville. Mkubwa wao, Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi hao wa kale, akiwaita walaji wa shaba. Na heshima ya msalaba wa shaba haikwisha. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi ya peke yake, bendera yake ilitiwa misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Na sarafu zake za mwaka 1961 zilikuwa na ndizi upande mmoja na msalaba huo upande wa pili. Nchi hiyo ilikwisha mwaka 1963, lakini hata leo msalaba wa shaba ni alama ya nchi yetu na utajiri wake, nasi hatuna sababu ya kuuonea haya.

Bali mapadri wale walileta msalaba mwingine. Huo haukununua chumvi wala nguo. Juu yake alitundikwa mtu, naye amekufa. Mambo haya mawili hayafai kuchanganywa. Wa kwanza ni mali ya mwenye kuushika. Wa pili wamtaka mwenye kuushika awe mali ya Mungu.

Nayaeleza haya kwa sababu ya swali moja juu ya mahubiri tunayoyasikia leo katika mji wa Lubumbashi. Mhubiri anapoutaja msalaba, autaja upi? Ni ule wa Kristu, au ni ule wa shaba uliovikwa jina la Kristu?

Mahubiri ya mbegu na mavuno

Jioni yo yote, apitaye njia za Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba husikia vipaza sauti vya makanisa mengi. Maneno yake twayajua sote. Mhubiri asema: Yezu aliuchukua umaskini wako msalabani, kwa hiyo haikufai kuwa maskini tena. Leta sadaka, panda mbegu yako, nawe utavuna kazi, nyumba, gari, mchumba, safari ya Ulaya. Watu waitikia Amina kwa nguvu, na wengi kati yao ni wabatizwa wetu, waliosali Misa asubuhi na ambao jioni wanatafuta pale kitu wasichokipata kwetu.

Tuwe wa haki. Si dhambi kumwomba Mungu kazi na chakula. Yezu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wetu wa kila siku, naye aliwalisha wenye njaa kabla hawajamlipa neno. Mtu ambaye hajui kesho atanunua kwa nini unga wa bukari hawezi kulaumiwa kwa sababu amekwenda mahali anapoambiwa kwamba Mungu amemwona. Kosa haliko katika kuomba. Kosa liko katika kile kinachofanywa na msalaba ndani ya mahubiri yale.

Sikiliza vizuri, ndugu msomaji, nawe utaona kwamba msalaba umegeuka sarafu. Upande mmoja ni sadaka yako, upande wa pili ni malipo yako. Kristu alikufa zamani ili biashara hii ifunguliwe, na tangu hapo kazi yake ni kusimamia malipo. Na biashara hii ina sheria ngumu. Mama aliyetoa fedha zote za makala alizouza juma zima, asipopata kitu, haambiwi kwamba mhubiri alikosea. Aambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Basi alifika na taabu moja, arudi nyumbani na mbili: umaskini ule wa kwanza, na aibu ya kudhani kwamba Mungu amemkataa.

Wahubiri hao hupenda kutumia neno la Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, linaloeleza kwamba Kristu, aliyekuwa tajiri, alijifanya maskini ili sisi tutajirike kwa umaskini wake. Lakini tusome sura yote. Paulo alikuwa akifanya nini alipoandika hayo? Alikuwa akikusanya msaada kwa ajili ya Wakristu maskini wa Yeruzalemu. Aliwataka wale wenye kitu wawape wale wasio na kitu, kama Kristu alivyotoa vyake. Tena katika waraka uleule, sura ya 11, Paulo anazihesabu taabu zake: njaa, kiu, baridi, mapigo, kuvunjikiwa chombo baharini. Kama neno lile lilikuwa na maana ya fedha, basi Paulo mwenyewe hakuwa na imani! Hasha. Neno lililoandikwa ili kuufungua mkono wa tajiri limegeuzwa kuwa neno la kuufungua mfuko wa maskini.

Kanisa liliujua ugonjwa huu tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasoma habari za Simoni mchawi wa Samaria, aliyewaletea Mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwashushia watu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea kwa ukali, kwa maana aliona hatari: siku vipaji vya Mungu vitakapokuwa na bei, maskini hawatakuwa tena na Mungu.

Mahubiri ya vumilia tu

Lakini tusiwacheke majirani, kwa maana katika nyumba yetu pia kuna kosa, nalo ni la zamani zaidi. Sisi Wakatoliki hatuufichi msalaba. Tunao juu ya altare, juu ya mlango, shingoni, juu ya kaburi. Na kila Ijumaa ya Kwaresima twafanya Njia ya Msalaba. Hata hivyo mara nyingi mahubiri yetu juu yake yamekuwa na neno moja tu: vumilia.

Mke anapigwa na mume mlevi. Anaambiwa abebe msalaba wake. Mfanyakazi hajalipwa mshahara miezi mingi. Anaambiwa abebe msalaba wake. Kijana aliyeshuka katika shimo la wachimbaji bila miti ya kulizuia lisibomoke, akavunjika mguu, anaambiwa vilevile. Na neno hili limeingia sana katika kinywa cha watu, hata mtu akiulizwa juu ya jambo linalomwumiza hujibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: ile njo musalaba yangu. Halafu hunyamaza, na mazungumzo yamekwisha.

Je, ndivyo alivyofundisha Bwana Wetu? Yeye alikutana na wagonjwa wengi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia aushike ugonjwa wake kwa kuwa ni msalaba. Aliwaponya. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 hakuambiwa kwamba alikosa uvumilivu alipolishika vazi lake. Alisifiwa imani yake. Na Yezu mwenyewe, usiku ule alipofungwa mbele ya kuhani mkuu, mtumishi mmoja alimpiga kofi. Hakunyamaza, wala hakurudisha kofi. Alimwuliza yule mtu: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, kama sivyo, kwa nini wanipiga? Jambo hili limeandikwa katika Injili ya Yohane, sura ya 18. Ni ajabu kwamba twalisoma kila Ijumaa Kuu na twalihubiri kwa nadra sana.

Tena tutazame msalaba ulitoka wapi. Yezu hakusulibiwa kwa sababu alinyamaza. Alisulibiwa kwa sababu aliwaambia wakubwa ukweli, alikula pamoja na waliodharauliwa, aliwafukuza wafanya biashara hekaluni, wala hakurudi nyuma hatari ilipokaribia. Anapotuita tuchukue msalaba wetu kila siku, mara huongeza neno la kumfuata. Kumfuata ni mwendo. Mtu aliyeketi chini ya mzigo aliotwishwa na mwenye dhambi, bila kwenda po pote, bado hajaambiwa msalaba ni nini.

Hapa ndipo mahubiri ya vumilia tu yanapokutana na yale ya mbegu na mavuno, ingawa yaonekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Nayo pia yameugeuza msalaba kuwa sarafu. Tofauti ni mahali pa kulipwa tu: wale waahidi malipo hapa na sasa, sisi twaahidi malipo huko mbinguni, wale wapokea fedha, sisi twapokea machozi. Na faida yaenda kwa nani? Yaenda kwa mume mlevi na kwa mwajiri asiyelipa. Mhubiri amewapa msamaha ambao wao wenyewe hawajauomba, tena bila toba.

Sisemi kwamba uvumilivu si fadhila. Ziko taabu zisizoondoleka: kifo cha mtoto, ugonjwa usio na dawa, uzee, upweke wa mjane. Mbele ya taabu hizo maneno mengi ni kelele, na msalaba ni karibu neno pekee lililobaki, kwa maana waonyesha kwamba Mungu mwenyewe amepita pale. Lakini taabu inayoletwa na dhambi ya mtu ni nyingine. Hiyo yataka mdhambi akemewe na aliyeonewa alindwe. Naye atakayesimama kumlinda ataona upesi kwamba kazi hiyo ina gharama: atachukiwa, atasingiziwa, pengine atapoteza kazi. Gharama hiyo ndiyo msalaba. Mhubiri ampelekeaye aliyeonewa mzigo ambao ilimpasa yeye mwenyewe kuubeba amebadili mabega.

Mitume walihubirije?

Korinto ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari mbili, watu wa makabila mengi, matajiri wapya na watumwa wengi. Mtu wa Lubumbashi angeuelewa upesi. Katika mji kama huo Paulo aliamua, kama anavyosema mwenyewe, asijue neno lo lote kati yao ila Yezu Kristu, naye amesulibiwa. Alijua wazi kwamba Wayahudi watataka ishara na Wagiriki watataka hekima. Alijua pia kwamba msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, jambo lisilotajwa mezani mwa watu wenye heshima. Hata hivyo hakutafuta maneno matamu ya kuufunika.

Kwa nini? Kwa sababu ukiuondoa msalaba, habari yote yageuka. Pasipo msalaba Mungu anakuwa mkubwa mmoja kati ya wakubwa: anawapenda wenye nguvu, anawalipa wanaompa, anawasahau walioshindwa. Lakini Mungu aliyetundikwa hawezi kuhesabiwa pamoja na wakubwa hao. Amekwenda kusimama mahali pa aliyehukumiwa bila haki, na siku ya tatu Baba amemfufua huyo, si wale waliomhukumu. Hiyo ndiyo Habari Njema: kwamba upendo wa Mungu ulikwenda hadi mwisho, na mauti haikuushinda.

Pengine mtu atauliza: Je, Paulo mwenyewe hasemi kwamba tulinunuliwa kwa bei? Kweli, asema hivyo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6. Lakini tazama nani anunua na nani anunuliwa. Mnunuzi ni Mungu; walionunuliwa ni sisi, kama watumwa wanaokombolewa; na bei ni uhai wa Mwanawe. Baada ya hapo soko limefungwa. Hakuna mtu anayeweza kurudi na fedha, wala na machozi, kununua kile alichokwisha kupewa bure. Kilichobaki ni shukrani, na shukrani hutafuta kumfanana Mpaji.

Shahidi wa Goma na mashahidi wa Kinshasa

Mahubiri ya kweli ya msalaba hayasikiki kanisani tu. Katika nchi yetu yamehubiriwa na kijana mlei wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Waliletwa mbele yake watu wenye shehena za chakula kilichoharibika, wakampa fedha ili kipite. Alikataa, kwa maana aliona kwamba chakula kile kingewadhuru walaji. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, huko Roma.

Tuyatafakari maisha hayo pamoja na mahubiri mawili tuliyoyataja. Kwa mhubiri wa mbegu, fedha zile zingeonekana kuwa mavuno: ombi limejibiwa, kijana amebarikiwa! Kwa mhubiri wa vumilia tu, kijana angeambiwa anyamaze, kwa kuwa dunia ndivyo ilivyo. Floribert hakufuata wa kwanza wala wa pili. Hakuutafuta msalaba; alitafuta kuwalinda watu asiowajua wasile sumu, na msalaba ukamjia katika njia hiyo. Fedha zilikuwa upande wa kuishi, Kristu alikuwa upande wa pili, naye akachagua.

Mfano wa pili ni wa tarehe 1 Februari 2023, huko Kinshasa. Marehemu Papa Fransisko alikutana na watu waliodhulumiwa katika vita vya mashariki mwa nchi yetu. Walisimulia mbele yake habari za kuuawa kwa jamaa zao, za kubakwa, za kukatwa viungo. Halafu waliweka chini ya msalaba vitu kama vile vilivyotumiwa kuwaumiza, panga na visu, nao wakatamka kwamba wanasamehe. Papa hakuwaambia wavumilie tu. Aliulaani uovu waliotendewa na uporaji unaouchochea, akawataka wenye silaha waache. Pale msalaba haukuwa kizibo cha kinywa. Ulikuwa mahali ambapo walioumizwa walisema yote, mbele ya Yule aliyeumizwa kama wao, na msamaha ukatoka kwao wenyewe, haukuamriwa na mtu mwingine.

Yafaa tufanye nini?

Kwa mapadri wetu, makatekista na wote wanaoongoza sala katika jumuiya, nathubutu kutoa kipimo kimoja. Kabla ya kuhubiri, ondoa msalaba katika maneno uliyoyatayarisha, uone kama yanabaki yaleyale. Kama yanabaki yaleyale, yaani shauri jema juu ya kazi na ndoa na usafi, basi bado hujahubiri Injili. Na kama msalaba umo, jiulize umewekwa juu ya mabega ya nani. Kama umo juu ya mabega ya maskini peke yake, huku mwenye kumwonea akirudi nyumbani bila wasiwasi, yatengeneze upya maneno yako.

Sisi wasikilizaji nasi tuna wajibu. Tusimpime mhubiri kwa sauti yake wala kwa machozi anayoyatoa, bali tumwulize kwa upole, baada ya ibada, Kristu msulibiwa alikuwa wapi katika maneno yake. Na jirani akikuambia kwamba taabu fulani ndiyo msalaba wake, usimwache hapo. Mwulize: Taabu hii yatoka wapi? Yaweza kuondolewa? Nani akusaidie kuibeba? Simoni wa Kirene alilazimishwa kuubeba msalaba wa Bwana. Sisi tumepewa nafasi ya kuubeba wa ndugu kwa hiari.

Mwisho, tukumbuke kwamba kuna mahubiri ambayo hayaharibiwi na udhaifu wa mhubiri. Mtume Paulo afundisha kwamba kila tunapoula mkate huu na kukinywea kikombe hiki twaitangaza mauti ya Bwana, mpaka ajapo. Katika Misa tajiri na maskini husimama katika mstari mmoja, nao hupokea kitu kilekile, wala hakuna anayeulizwa ameleta kiasi gani. Basi Jumapili ijayo ukifika mbele ya altare, nyosha mikono mitupu.